Kikadi cha Bosi cha Kusikiliza Watu

Mwenzangu uko wapi. Nimejifungia stoo, sijui nicheke au nilie.

Bosi karudi kutoka semina. Siku mbili nzima kafundishwa kusikiliza wafanyakazi. Leo katuita kikao, na kiganjani kaficha kikadi cha maneno ya kutuambia, kama mtoto anayeibia mtihani.

Fundi wa mashine ya kukata karatasi akasimama, kwa adabu zake zote. Akasema kinga ya kisu imevunjika, hii wiki ya tatu, na kuna mtu atapoteza vidole.

Bosi akachungulia kiganja. "Nimekusikia, kaka. Unajisikiaje unaposema hivyo?"

Unajisikiaje. Mtu anazungumzia kisu.

Fundi akamjibu, "Najisikia nina vidole kumi, bosi, na jioni nataka nirudi navyo vyote nyumbani."

Bosi akachungulia tena. "Asante kwa kutushirikisha."

Eti asante kwa kutushirikisha.

Fundi hakubishana. Alikwenda akazima mashine, akatia ufunguo mfukoni, akarudi kukaa. Bosi akageuza kikadi mbele nyuma, akatoka kakiacha mezani. Sikio la kufa halisikii dawa, hata ukilipeleka semina.

Nikakiokota. Nyuma kaandika majina yetu, asije akatusahau.

Na mimi ndiye karani wake. Miaka sita meza yangu iko mlangoni pake, haingii ofisini bila kunipita. Jina langu kaliwekea alama ya kuuliza.