Nashindwa Kumpigia Honi Baba Mkwe

Mpendwa Bibi mshauri, naomba msaada wako kabla sijaua mtu, na mtu mwenyewe ni baba wa mke wangu. Mimi ni dereva wa lori la taka, lile lenye mashine ya kushindilia nyuma, na msimamizi kaniletea mpakiaji mpya, kumbe ni baba mkwe, katolewa kwenye kazi ya kuchambua chupa za taka, nikafurahi sana, lakini Bibi, kila nikirudisha lori nyuma mzee anapita nyuma yake kuokota maboksi yaliyodondoka, na tukihama mtaa anadandia kikanyagio cha nyuma, mkono mmoja kashika chuma, wa pili anapungia watu, na mimi wapakiaji wengine nawapigia honi wanaruka pembeni tunataniana, yeye siwezi, naona kama nimemtukana, basi nafanya polepole tu huku roho iko mkononi. Juzi kwenye uchochoro wa nyuma ya soko nikasikia ngumi zinagonga bodi, nikakanyaga breki, nikashuka, nikamkuta kabanwa kati ya lori na ukuta, kidogo tu apondwe kifua, anacheka, "Mkwe, una haraka ya urithi?" na mimi nikacheka. Mke wangu anasema, "Usimwaibishe baba yangu mbele ya vijana," nikimwambia msimamizi naogopa watamfukuza, Bibi, nifanyeje?

Dereva Mwenye Haya

*

Wewe Mwenye Haya,

Pole. Nimeshakupa pole, sasa nikugombeze. Mtu nusura abandikwe ukutani kama tangazo, na wewe unacheka kwa adabu! Adabu gani hiyo ya kumkanyaga mzee wa watu polepole, bila kelele? Msibani utamwambia nini mkeo, kwamba uliona aibu kupiga honi?

Mimi shule nilipita mlangoni tu, lakini mkaidi namjua, nimezaa wanne. Kesho kabla hujawasha lori, mvute mkweo pembeni, wenzake wasisikie. Msalimie vizuri, halafu sema: "Baba, nikirudi nyuma kuna mahali sioni. Nisipokuona kwenye kioo, lori halisogei." Basi. Usianze kumuuliza habari za uzee na magoti. Kisha mpe kazi ya kukuelekeza, asimame pembeni unapomwona, akiinua mkono unasimama. Mzee mwenye kupenda kupungia watu, hiyo kazi ataipenda. Maboksi yangoje, hayana miguu.

Akipotea kwenye kioo, honi, breki, zima, chomoa ufunguo, shuka umtafute. Hata kama ni mara kumi kwa mtaa mmoja. Akidandia nyuma, huendi popote, ndani kuna kiti. Atakwambia alidandia malori hujaota meno. Mjibu, "Ndiyo, baba," na ufunguo ubaki mfukoni mwako. Wewe ndiye dereva, bwana! Ukwe uache nyumbani, utaukuta jioni.

Msimamizi naye aambiwe, usimfiche. Usimchongee mzee, sema ukweli: wapakiaji wanapita nyuma ya lori na unataka amri moja kwa wote, tena lifungwe king'ora kinacholia chenyewe lori likirudi nyuma. Akiamua kumrudisha mzee kwenye chupa, arudi. Sijasikia chupa imemponda mtu ukutani.

Na wewe mke, najua unasoma hapo begani kwa mumeo. Babako akiambiwa "toka nyuma ya lori" mbele ya vijana, aibu hiyo itaisha kabla chai haijapoa. Unamtetea nini? Mwambie wewe mwenyewe leo hii, kwako atasikia haraka kuliko kwa mkwe.

Mzee atanuna, hilo nakuhakikishia. Mwacheni anune. Anune Jumapili nzima kwenye kochi lenu, hataki kukusemesha, na akitaka sukari amtume mkeo akuambie uisogeze.

Bibi yako