Hesabu ya Miaka Mitatu

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimeuza vitenge vinne na nusu. Hiyo nusu ni ya mteja mbishi aliyeapa kwamba sketi haihitaji zaidi. Jioni nikapita posta. Chuo cha Kampala kimenikubali: shahada ya masoko, miaka mitatu. Ada na malazi, jumla milioni tatu.

Nyumbani Awindiri mama amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nimeona haya.

Tulicho nacho: mtaji wangu, ambao nikiutoa biashara imekufa. Mbuzi watatu. Kopo la mama lenye pesa za sanda, na hizo hazihesabiwi. Baba tulimzika Kongo, wakati wa ukimbizi, ndani ya shuka la kuazima. Tangu turudi, mama anajiwekea ya sanda yake ili naye asizikwe hivyo.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepanda Arua Hill kumwona Adriko. Ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye shahada hii. Afisa mauzo wa kampuni ya sabuni, ana meza, ana tai. Nikamuuliza mshahara bila kuzunguka. Laki moja na nusu kwa mwezi. Akitoa kodi, chakula na ndugu wanaobisha hodi, inabaki elfu hamsini. Mwezi ukiwa mzuri.

Jioni akaja kibandani kwangu kuchukua kitenge cha mke wake. Kwa mkopo.

Jumamosi, 7 Septemba

Koboko, siku ya soko. Vumbi, wateja wachache. Baadaye nikaenda dukani kwa mjomba Rajabu, kaka yake mama. Yuko tayari kunikopesha milioni tatu zote. Riba hataki, ni haramu. Anataka mashahidi wawili baada ya sala ya Ijumaa, na nikimaliza nije nimsimamie duka mpaka deni liishe. Si mtu mbaya. Anapenda tu kujua mali yake imelala wapi.

Jumapili, 8 Septemba

Hesabu. Milioni tatu, nikilipa elfu hamsini kila mwezi, kama anazobakiza Adriko, ni miezi sitini. Miaka mitano. Kibanda kinanipa elfu sabini safi. Miaka mitatu ya kukaa darasani ni milioni mbili na nusu nisizozipata. Hilo nalo ni deni, ila halina mtu wa kulidai.

Nimerudia mara tatu nikitafuta kosa. Hakuna. Nataka kwenda, na hesabu inakataa. Nimelia kidogo. Kisha nimeosha vyombo.

Jumamosi, 14 Septemba

Koboko tena. Nimemwambia mjomba asante, sitakopa. Kanitazama, kasema nina akili kuliko watoto wake. Kumbe nilitaka abishane nami.

Nimefika nyumbani saa tisa, nikakuta ua umejaa. Mbuzi mmoja yuko sufuriani. Wanawake wa Awindiri wamekaa kwenye mikeka, shehe ameshasoma dua. Mama amefanya karama, karamu ya dua na shukrani, kwa ajili ya chuo changu, na hakuniuliza. Kila mwanamke kaweka pesa kwenye sinia, na mtoto wa jirani kaandika majina daftarini.

Nikamvuta mama jikoni, nikamwambia siendi, azirudishe. Akaendelea kupakua wali.

"Pesa ya karama hairudi," akasema. "Ukirudisha, ni kama umekataa dua ya watu."

Jumapili, 15 Septemba

Nina hasira. Kila mtu anajua mambo ya daftari hili. Ukipewa kwenye karama yako, utatoa kwenye ya mwenzako, na kidogo juu. Majina arobaini na moja. Kila jina lina harusi, tohara na matanga yake. Deni la mjomba lingeisha kwa miaka mitano. Hili linaisha siku ya kuzikwa.

 Mama anasonga ugali kama vile hajafanya kitu.

Nimehesabu pesa za sinia. Ada na malazi ya mwaka wa kwanza yametimia.

Jumanne, 17 Septemba

Nitaenda; deni la daftari lipo, niende au nibaki. Nimemwandikia mjomba kwamba nakwenda, na bado sikopi. Sehemu ya mzigo wangu nitabeba, niuze vitenge kwa wanafunzi wa Kampala, nilipie miaka miwili iliyobaki. Kama masoko ni elimu, nitaanza kabla ya mwalimu.

Ijumaa, 27 Septemba

Basi linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Nimefunga mizigo.

Usiku huu nimesoma daftari lote, nijue wanaonidai. Jina la mwisho kabisa ni Hawa, mama yangu. Upande wa kiasi: pesa za sanda. Upande wa kurudisha ameandikisha: hakuna.

Nimekwenda kutikisa kopo. Tupu.

Mama amelala. Nimefungua furushi la mzigo wangu, nikatoa kitambaa cheupe cha marekani. Nimekata vipande vitano vya sanda, kama inavyopasa kwa mwanamke. Nimevikunja na kuviweka kwenye sanduku lake, chini ya nguo za Idi.

Kwenye daftari nimefuta lile neno, nikaandika: imelipwa.

Wamebaki arobaini.