Vipimo Vyetu Havilingani Tena

Pacha wangu,

Salamu kutoka chumba cha nyuma ya duka, ambako siku hizi nalala karibu na cherehani. Hujambo? Shemeji hajambo? Na binti yetu, harusi haijamtia wazimu bado? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, na wewe uongo wangu unaujua tangu utotoni.

Majibu ya vipimo yametoka. Ini langu limejaa makovu, ndiyo maana tumbo linajaa maji. Mtaani wateja wakaanza kunong'ona kwamba kumbe fundi anapiga mtungi kimyakimya. Hata shemeji yako alinusa kikombe changu cha chai. Nilicheka, lakini ilinikata maini, hayohayo mabovu. Mimi nisiyejua ladha ya bia! Na wewe uliyefanya baa kuwa sebule yako, unaambiwa ini lako halina kovu.

Nilimuuliza daktari imekuwaje, maana kirusi cha homa ya ini tulikipata wote kwa mama siku tuliyozaliwa. Akasema kirusi ni kilekile, ila tulichorithi si kimoja. Sisi ni pacha wa mayai mawili, kila mmoja na vinasaba vyake. Vyangu huenda ndivyo vilivyoharakisha makovu, vyako vimekukinga kidogo. Usijidai lakini. Endelea kupimwa, na hiyo baa iage. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa.

Ile ahadi yako ya kunikatia kipande cha ini, daktari ameikataa. Lako nalo lina kirusi, na mimi nimeshachelewa. Dawa ninazomeza ni za kupunguza maji tu.

Kuna jambo nilikuficha kwenye simu. Suti yako ya harusi sijaishona. Unajua tangu nianze ufundi sijawahi kukuzungushia futi. Nilikuwa najipima mwenyewe, nguo inakukaa sawasawa, tunacheka. Juzi nikajipima. Kiuno ni cha mtu mwingine, mabega yamebaki mifupa. Nikakaa na kitambaa chako mapajani, nikalia. Vipimo vya zamani sikuwahi kuviandika popote. Vya nini, wakati mwili ninao?

Tafuta fundi mwingine akupime. Akimaliza, nitumie na mimi hivyo vipimo. Nataka kujua nilikuwa na ukubwa gani.

Nisalimie nyumba nzima, na binti yetu umwambie nampenda.

Ni mimi nduguyo, niliyekutangulia kuzaliwa.