Mkono wa Bibi Ruth

Jumapili, 18 Desemba

Nimeosha vyombo. Nimefunga mapazia yote kabla taa hazijawashwa, kama kila siku. Sebuleni, jikoni, chumbani. Mama amepita nyuma yangu akikagua nyufa kwa kidole.

Halafu kwa Bibi Ruth, mlango wa pili. Yeye ni Myahudi, ana miaka themanini na moja, na mikono yake inatetemeka. Wiki iliyopita aliniomba kitu kimoja: nimshike kifundo cha mkono anapowasha mishumaa ya sikukuu yake, siku nane. Nilidhani nitawasha mimi. Hapana. Amri ni yake, kwa hiyo moto lazima utoke mkononi mwake. Kazi yangu ni kuuzuia mkono usicheze. Binti yake yuko mbali, huja wakati wa kiangazi tu.

Leo mmoja, upande wa kulia kabisa. Na mwingine wa tisa, ulioinuka juu ya wenzake. Huo ni mtumishi. Unawasha mingine, wenyewe hauhesabiwi. Bibi aliimba baraka tatu. Sauti yake haitetemeki hata kidogo.

Kinara anakiweka dirishani, pazia wazi, nasi tuko ghorofa ya chini mbele ya maegesho ya magari. Anasema ndiyo maana ya kukiwasha, apitaye njiani aone. Zamani hekalu lao lilinajisiwa. Walipolipata tena, mafuta safi yalitosha siku moja tu, yakawaka nane. Habari kama hiyo haifichwi.

Niliogopa. Mtu wa nje angetuona, sisi tusingemwona.

Jumatatu, 19 Desemba

Miwili. Inapangwa kuanzia kulia, lakini inawashwa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Nilimvuta mkono kuelekea upande usio sahihi. Akacheka.

"Umpishe mgeni, Riziki. Mgeni anatangulia."

Nilifungua daftari la hesabu ili nisipoteze wakati. Akalifunga. Mwanga huu haufanyiwi kazi, hausomewi, hautafutiwi hata sindano iliyoanguka. Unatazamwa tu mpaka uishe. Nusu saa nzima. Nimefundishwa kutokaa bure, kwa hiyo nilikaa vibaya.

Gari la kijivu lilisimama mbele ya dirisha. Taa zake ziliwaka muda mrefu. Hakuna aliyeshuka. Likaondoka.

Baba amesema Yesu mwenyewe alitembea hekaluni siku za sikukuu hii, wakati wa baridi. Baba alikuwa mwalimu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ndiye anayetaka nijaze ukurasa wa Kiswahili kila siku nisikipoteze. Hasomi. Anatazama tu kama umejaa. Sijamwambia habari za gari. Angemwambia Mama.

Jumanne, 20 Desemba

Asubuhi, yai kwenye dirisha la Bibi. Limeganda kwa baridi, kiini kimechirizika mpaka chini. Nimelikwangua kwa kikwangulio cha barafu cha gari la Baba kabla ya basi la shule. Vidole vimeuma mpaka kipindi cha pili.

Nilitaka asijue. Alikuwa amesimama ndani akinitazama.

"Watoto," amesema jioni.

Labda watoto. Lakini walichagua dirisha moja kati ya madirisha ishirini na manne. Nimeyahesabu.

Mitatu. Nilimshika kwa nguvu mno, akaniambia nilegeze.

Jumatano, 21 Desemba

Theluji tangu alfajiri. Shuleni wameturudisha mapema.

Nimefanya jambo baya. Naliandika kama lilivyo.

Minne ilikuwa inawaka, na mtumishi wake. Gari likaja tena. Sikuona rangi kwa ajili ya theluji. Taa zake ziliingia mpaka ukutani, vivuli vyetu vikapanda ukuta. Mlango wa gari ukafunguka. Sikufikiri. Niliinama nikaizima yote kwa pumzi moja. Ndivyo alivyonifundisha Mama tangu sijui kusema: ukisikia watu, zima.

Giza. Harufu ya nta. Tulisikia buti zikipita kwenye theluji, halafu mlango wa jirani wa juu. Alikuwa mtu aliyerudi kutoka kazini.

Bibi hakunikemea. Ningependa angenikemea. Nililia nikamwambia nimeharibu sikukuu, sasa amekosa siku moja kati ya nane. Akasema hapana. Kwao, tendo ni kuwasha. Ukishawasha ipasavyo umetimiza. Upepo ukija ukazima, hudaiwi tena.

"Mimi si upepo," nimesema.

"Leo ulikuwa upepo mdogo."

Tuliwasha upya, bila baraka, kwa kuwa baraka ilikwisha kusemwa. Mkono uliotetemeka zaidi ulikuwa wangu.

Alhamisi, 22 Desemba

Shule imefungwa, baridi kali. Puani kunaganda.

Mitano. Baraka zilikwisha, tumekaa. Kishindo. Nilidhani ni barafu imeanguka kutoka paani. Jiwe. Kioo cha nje kimepasuka, cha ndani kimebaki. Madirisha ya huku yana vioo viwili, la sivyo lingetua kwenye kinara, au usoni pa Bibi. Sikuona mtu. Nilisikia miguu ikikimbia na mtu mmoja akicheka. Kicheko ndicho ninachokisikia hata sasa.

Sikuizima safari hii. Nilitaka. Nilikalia mikono yangu.

Polisi wawili walikuja, wakaandika. Msimamizi wa jengo akabandika nailoni. Mama aliona taa za buluu akatoka na kanga mabegani, bila koti.

"Weye. Ingia ndani."

Nyumbani aliketi juu ya kitanda changu. Hajawahi kunisimulia habari hii yote, alikuwa akinipa vipande tu. Kule Fizi, Kongo, dada yake aliwasha koroboi ampe mtoto dawa. Watu wenye bunduki walikuwa mlimani. Katika nyumba zote waliiteremkia ile.

"Koroboi moja, Riziki. Na mwenzako anaweka tano dirishani. Hautarudi kule."

Baba alisema pole pole, "Mama Riziki, yule bibi atajiunguza."

"Ana mtoto wake. Ampigie."

Mama ana haki ya kuogopa. Na Bibi ana mikono isiyotulia na kibiriti. Yote mawili ni kweli.

Ijumaa, 23 Desemba

Kwa sababu ya Sabato lazima awashe kabla jua halijazama. Saa kumi na robo. Baada ya hapo hagusi moto mpaka kesho.

Baba yuko ghalani kazini. Saa kumi nimeweka sikio ukutani. Kiti kinaburutwa. Kimya. Kijiti kimoja kinapigwa, cha pili, cha tatu. Kitu kikaanguka. Halafu king'ora cha moshi.

Mama alitoka mbio kabla sijageuka. Aliniambia nibaki. Nilibaki. Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi king'ora kikanyamaza. Hakurudi. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la duka la ng'ambo.

Alirudi giza limeingia, anatoka harufu ya kibiriti. Akakaa jikoni.

"Kitambaa cha meza kimeungua kona, na vidole viwili. Nimevitia maji ya baridi. Nani alimwachia yule mama mzee kibiriti peke yake?"

Kama si yeye aliyenizuia nisiende.

"Amewasha?" nimeuliza.

"Alininyooshea mkono, anaongea Kiingereza chake. Ningefanya nini? Nimemshika." Akatazama kiganja chake. "Sita, na ule mwingine. Lakini nimeihamishia mezani na pazia nimelifunga mwenyewe."

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Jumamosi, 24 Desemba

Mama ameniruhusu. Mezani tu, pazia limefungwa. Ameniapisha.

Tulingoja nyota tatu ili Sabato iishe. Bibi alinituma uani nikazitafute. Nilisimama karibu na mlango, mkono juu ya kitasa, nikihesabu haraka. Mbili zilionekana vizuri. Ya tatu huenda ilikuwa ndege, nikasubiri mpaka nikawa na hakika. Kitu kama hicho huwezi kukidanganya.

Saba. Bibi ana bandeji, nilimshika juu kidogo ya kawaida. Aliimba chini chini.

Amenieleza. Wakati wa hatari, sheria yao inaruhusu mtu kuweka kinara mezani, na inatosha. Babu zake waliwasha hivyo. Si dhambi wala si aibu. Alisema hivyo mara mbili. Halafu akasema yeye, tangu azaliwe, amekiweka mezani jana na leo tu.

Hakuna gari lililotuona. Hakuna jiwe. Sikuogopa hata kidogo, nikakaa nikiutazama moto ukituangazia sisi wawili tu na jokofu. Nilihuzunika. Bora ningeogopa.

Nimemwambia Mama maneno yote ya Bibi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya kesho. Aliendelea kuchambua.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Ibada ndefu, kwaya tatu. Niliangalia saa ya ukutani kuliko nilivyomwangalia mchungaji. Mungu anisamehe.

Tulirudi jua linazama. Mama hakuvua hata viatu vya kanisani. Alichukua unga, hamira na chupa mpya ya mafuta, akaja nami kwa Bibi. Aliniuliza jana Bibi anakula nini, nikamwambia hali kilichopikwa kwenye vyombo vya watu wengine. Kwa hiyo amekaanga mikate, kama maandazi, kwa sufuria la Bibi, kwenye jiko la Bibi. Bibi aliposikia mafuta yakilia alifurahi sana. Kwao, siku hizi nane ni za vitu vya kukaangwa, kwa ajili ya yale mafuta. Mama alisema kwa Kiswahili kwamba kwetu pia sikukuu bila mikate si sikukuu. Walielewana. Sijui vipi.

Bibi akapanga minane mezani. Nikaenda kuhakikisha pazia limefungwa. Nilikuwa nimeapa.

Mama alitazama meza.

"Kitambaa hiki kiliungua juzi. Kitaungua tena."

"Tukitoe?" nimesema.

Mama alifuta mikono, akakibeba kinara na mishumaa yake kwa uangalifu kama anabeba uji wa moto, akakiweka dirishani. Bibi alisimama. Mama akatazama pazia.

"Na hili nalo litashika moto."

Akalikusanya lote, akalipiga fundo kubwa, juu, mbali na mishumaa. Kioo kikabaki wazi. Nailoni, theluji, maegesho yote. Akasimama pale pale, mkono wake umeshika fundo.

Nilimshika Bibi. Mtumishi kwanza, halafu ule mpya, halafu mingine kuelekea kulia. Aliimba kwa sauti yake ya siku ya kwanza. Gari lilipita, taa zake zikaingia ndani. Nilimwangalia Mama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, lakini fundo hakuliachia. Gari likaenda.

Hakuna kazi inayofanywa mbele ya mwanga huo, nikamweleza. Mama, ambaye sijawahi kumwona ameketi bila kitu mikononi, aliketi. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe aliiweka mapajani, viganja juu, karibu na mikono ya Bibi inayotetemeka. Tulikula mikate. Mishumaa ilizimika mmoja mmoja yenyewe. Mtumishi akawa wa mwisho.

Mama akafungua fundo, akalinyoosha pazia kwa kiganja. Mikunjo haikutoka.