Mtu Aliyezidi Kwenye Uhakiki

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba namba 4, Jumatano tarehe 9 mwezi wa nne, kuanzia saa 5:15 asubuhi.

Jina: lipo kwenye karatasi ya pembeni. Kazini naitwa Binti.
Umri: miaka 25.
Elimu: shahada ya historia.
Makazi: kwa mama yangu mzazi, fundi cherehani, nyumba za nyuma ya soko.
Kazi: Afande ameniuliza mara mbili. Nimemwomba aandike "masjala, idara ya maji", kisha aweke alama ya kuuliza.

Nilihitimu chuo kikuu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nimepeleka barua za maombi ya kazi zisizopungua sabini, na nyingi hazikujibiwa hata kwa tusi. Nasema hili ili ieleweke kwa nini sikuuliza maswali mengi.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa pili, Jumatatu, saa 2:40 asubuhi, nilifika idara ya maji kupeleka barua ya maombi. Mlinzi alinielekeza masjala, chumba ambacho barua zote hupokelewa, hupewa namba na kuwekwa kwenye majalada. Kuna dirisha dogo lenye nondo. Ndani alikuwepo mzee mmoja, mtunza majalada, karatasi zimemzunguka hadi mabegani. Nilimpa bahasha yangu. Aliigonga muhuri bila kuifungua, akaitupa kwenye trei ya kwenda utumishi, kisha akanikagua kuanzia viatu. Akasema, "Hatimaye wamekuleta. Mlango uko huku upande, ingia."

Niliingia. Nilidhani ni usaili wa vitendo, maana usaili wa siku hizi una vituko. Mahali pamoja niliwahi kuambiwa niimbe. Mzee aliniwekea rundo la barua mezani, akasema, "Panga kwa tarehe, halafu kwa namba. Ukikuta isiyo na namba usiionee huruma, ipe namba." Nilipanga mpaka saa 9:30 alasiri. Wakati wa kuaga nilimwuliza majibu yatatoka lini. Akasema, "Ya barua zipi? Hizi zenyewe hatujazimaliza. Kesho saa moja na nusu."

Kesho yake nilifika saa 1:40 nikagombezwa kwa kuchelewa. Mtu hagombezwi kwa kuchelewa mahali asipotakiwa. Nikajua nimepata kazi.

Ijumaa ya wiki hiyo alinikabidhi ufunguo wa makabati na kunitambulisha kwenye chai ya saa nne. Alisema, "Huyu ndiye msaidizi niliyemwomba kwa miaka minne." Wenzake walimpongeza yeye, si mimi. Jioni nilimweleza mama. Mama alizima cherehani, akatoka nje, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Alinishonea sketi mbili kwa kitambaa cha mteja aliyekuwa hajaja kukichukua. Sketi moja ndiyo hii niliyovaa.

Afande ameniuliza kama nilipewa barua ya ajira. Sikupewa. Nilimwuliza Mzee wiki ya pili, akasema utumishi wana mwendo wa kobe, ya kwake ilimfikia baada ya miezi minane na mshahara ukaja nyuma yake. Nilimwamini. Mgeni hamfundishi mwenyeji njia ya nyumbani kwake.

Kazi niliipenda. Sijawahi kulisema hili kwa mtu. Mzee alinifundisha kufunga jalada kwa fundo lisiloteleza, na kutambua kwa unene wa jalada ni mtaa gani hauna maji. Alinifundisha pia kwamba mtu wa masjala hasomi barua. Anasoma namba, tarehe, na inakwenda kwa nani, basi. Akiona macho yako yameshuka hadi aya ya kwanza, anakohoa.

Mnamo tarehe 13 mwezi wa tatu, Alhamisi, saa 4:10 asubuhi, ililetwa trei kutoka utumishi. Barua ya nne ilikuwa ile yangu ya maombi. Pembeni, kwa wino wa kijani, afisa utumishi alikuwa ameandika: "Hatuna nafasi. Ajibiwe." Nyuma yake ilibanwa barua ya majibu, imeshasainiwa, inangoja namba na kutumwa. Niliisoma. Mzee hakukohoa kwa sababu alikuwa amenipa mgongo. Ilisema idara inasikitika kunifahamisha kwamba haina nafasi ya kazi kwa sasa, na inanitakia kila la heri kwingineko.

Niliangalia stuli niliyoikalia, na kikombe changu dirishani, na muhuri mkononi mwangu. Nilijiuliza kama kuna binti mwingine mwenye jina langu. Nilijiuliza kama wamenifukuza kabla ya kuniajiri, au wameniajiri wakasahau kuambiana. Hata leo sina uhakika ni lipi.

Nilifanya nilivyofundishwa. Niliipa barua namba, nikaiandika kwenye kitabu cha kupelekea barua, ambacho mpelekaji na mpokeaji wote husaini. Nilisaini kama mpelekaji. Halafu nikasaini kama mpokeaji. Mzee aliuliza, "Ya nne imetoka?" Nikasema imeshafika. Akasema, "Ungekuwa na kasi hiyo kila siku tungekwenda nyumbani mapema."

Nilikusudia kumwambia siku ileile. Nikaona aibu. Nikasema kesho, na kesho ikaja na barua mia moja na kumi. Nyumbani mama alikuwa ameanza kuniamsha kwa kusema, "Mfanyakazi, amka." Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, nikayaoga.

Jana, tarehe 8 mwezi wa nne, saa 3:00 asubuhi, kulikuwa na uhakiki wa watumishi ukumbini. Orodha ilikuwa na watu arobaini na wawili. Afisa utumishi alihesabu mara tatu akapata arobaini na watatu. Alisema, "Wenzetu wanakamata watumishi hewa, majina yasiyo na watu. Mimi nimepata mtu asiye na jina." Watu walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Mzee alisimama akasema, "Huyu mliniletea wenyewe." Afisa utumishi akauliza, "Alikuletea nani?" Mzee alinigeukia, akaniangalia. Nilitazama chini. Kwa kuwa masjala ina majalada ya siri, mlinzi aliambiwa afunge geti, na saa 6:20 mchana tuliletwa hapa. Mimi niliruhusiwa kulala nyumbani. Mzee hakuruhusiwa.

Asubuhi ya leo, kabla hatujaanza kuandika, Afande alinieleza kwamba Mzee amekiri. Amesema aliniingiza ofisini kwa hiari yake, akijua fika kwamba mimi si mtumishi, na kwamba alinidanganya kuwa nimeajiriwa. Afande aliniambia kwa upole, "Dada, wewe ni shahidi tu. Sema ulidanganywa, saini, nenda kwa mama yako."

Sielewi kwa nini Mzee alisema hivyo. Si kweli. Ana miaka thelathini na mmoja kazini na anastaafu mwezi wa sita. Akipatikana na kosa hili atatoka mikono mitupu.

Yeye hakujua. Jina langu kamili halijui mpaka leo, hajawahi kuniuliza. Aliyejua ni mimi, kuanzia tarehe 13 mwezi wa tatu, saa 4:10. Ushahidi upo kwenye kitabu cha kupelekea barua, ukurasa wa 61, mstari wa nne kutoka juu. Saini zote mbili ni zangu. Siku zote zilizofuata niliingia masjala na kufungua makabati nikijua sina ruhusa. Hakuna jalada nililotoa nje wala kumwonyesha mtu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni haya, sina la kuongeza.

(Saini ya shahidi)

Maelezo ya ofisa mwandikaji: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Amesahihisha namba ya ukurasa, nilikuwa nimeandika 16. Nimemweleza kwamba aya yake inayoanza na "Yeye hakujua" inamtia hatiani na kwamba anaweza kuiondoa. Amekataa, akasaini saa 7:20 mchana. Kuanzia saa 7:25 anahojiwa kama mtuhumiwa.

Saa 8:10 mchana nimemsomea mtunza majalada maelezo haya. Amekubali kuwa hakujua, na kwamba maelezo yake ya jana hayakuwa kweli. Nimemwuliza kwa nini alijibebesha kosa. Amejibu: "Mimi natoka. Yeye ndiyo kwanza anaingia."