Waliyemwita ni Shuaib

Elwak,
Aprili 1993

Kwa kaka yangu Shuaib Kulow,
Galbet, Garissa.

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakufikia kwa mkono wa Adow, dereva wa lori la mbuzi, na itakukuta mzima, wewe na shemeji Ruweyda na wale mapacha. Hooyo, mama yetu, anaendeleaje na kifua chake tangu ulipomchukua? Mwambie dawa za hospitali azinywe mpaka ziishe, asiwagawie majirani kama alivyofanya huku. Mimi ni mzima kwa maana kwamba natembea na kula. Mvua imenyesha kidogo, majani yameanza kuchipua, na ngamia waliobaki sasa wanasimama bila kusaidiwa.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shuleni, lakini leo nina sababu nyingine. Hooyo akiomba asomewe, msomee salamu tu. Yaliyobaki yakae kwako.

Mwaka jana nilipotea kiangazi kizima, na nilipojitokeza nikakwambia nilivuka mpaka kwenda Somalia kutafuta kazi. Ulinigombeza sana, ukaniuliza ni mtu gani mwenye akili anayetafuta kazi penye vita. Ulikuwa na haki, lakini sikwenda Somalia. Nilikuwa kwingine.

Unaijua foleni ya chakula cha msaada. Karani anaita jina la mwenye nyumba, na yeyote wa nyumba hiyo aliye karibu anajibu "Iko!" kisha anabeba gunia. Tangu baba afariki jina la nyumba yetu ni lako, na kwa kuwa wewe uko Garissa, wa kujibu ni mimi. Nimelijibu mara nyingi mpaka mdomo unajibu wenyewe bila kuniuliza.

Siku ile nilikuwa kisimani, mtu wa chini kabisa katika safu ya kupokezana ndoo. Walio juu yangu walikuwa wameacha kuimba ili wapumue. Chini yangu hapakuwa na mtu, ni maji na matope tu, na sauti ya mwanamke ikatoka huko ikaita, "Shuaib Kulow." Nikajibu, "Iko!" Ndivyo nilivyokwenda, kaka. Sikushika silaha wala kusoma dua. Nilijibu kama mtu anayengoja mahindi.

Nilikojikuta ni nchi ya majani meupe, isiyo na jua lakini kuna mwanga. Watu wa huko ni warefu kuliko sisi. Walikuwa wamevaa nguo zao nzuri na wamechinja, maana walikuwa wanamngoja shujaa. Yule mwanamke aliyeita akanitazama mikono, akanitazama miguu, akauliza kama mimi ndiye Shuaib. Nikasema mimi ni mdogo wake. Akasema, "Sisi tulimwita Shuaib," na nyuma yake watu wakaanza kurudisha nyama ndani. Walikuwa wamepata habari, sijui kwa nani, za yule Shuaib aliyewakimbiza majambazi peke yake kwa fimbo. Nilitaka kuwaeleza kwamba majambazi wenyewe walikuwa wawili na mmoja alikuwa anaumwa, lakini nikaona haya kukuvunjia heshima ugenini.

Walitaka kunirudisha ili wakuite tena. Walinisimamisha kwenye kisima chao wakasema, "Shuaib, rudi kwenu." Halikutokea lolote. Nikawaambia jina langu ni Alio. Wakasema hilo hawalijui. Basi wakanipa kazi yako, bila furaha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Kazi ilikuwa kuliua dubwana lililolalia chanzo cha maji yao. Halikuwa na meno. Lilikuwa linakula kilicho moyoni mwa anayelikaribia. Lilianza na hofu yangu, nami nikashukuru. Kisha likala hamu ya nyumbani, likala uchungu wa baba, likala na furaha ndogondogo ambazo mtu hajui kama anazo. Niliposalia mtupu likakosa chakula, likalegea, nikaligonga kwa jiwe mpaka likafa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na haikuwa na sifa yoyote. Maji yalipotoka watu walicheza, wakatunga wimbo, na katika wimbo huo aliyeliua dubwana ni Shuaib.

Nilibaki huko nikichota maji kama watu wengine. Siku moja nikasikia sauti ya hooyo ndani ya kisima chao: "Alio! Alio wee, mbuzi wako wapi?" Mara nikawa hapa Elwak, na matope mpaka kiunoni. Majirani walinieleza kwamba alikuwa akienda kisimani kila magharibi kuniita, mpaka wakadhani akili yake imeyumba. Alinikumbatia akalia sana, nami nilisimama nikingoja amalize.

Sijapona, kaka. Yule ngamia mweupe niliyemlea kwa mkono alikufa Ramadhani hii, nikamchuna ngozi bila kusita. Ulinitumia picha ya mapacha. Niliitazama, nikaona ni watoto wawili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wa kule wameanza kuita tena, huenda wamepata dubwana jingine. Nimemsikia yule mwanamke kila nilipoteka maji wiki hii, na baada ya yote bado anaita Shuaib. Sijaitika. Lakini umesema utakuja Idi ya kuchinja, na najua utashuka kisimani mwenyewe, kwa kuwa hutaki kuonekana umekuwa mtu wa mjini. Ukisikia jina lako utaitika. Wewe una vingi vya kuliwa. Mimi sina.

Kwa hiyo Adow akishaondoka na barua hii, nitashuka nijibu. Usije mbio kunizuia, utakuta nimekwenda. Wakiwa na mimi hawatakuita. Ngamia na mbuzi nimewaacha kwa jirani yetu Dagane, ambaye nimemwambia ninasafiri.

Nina ombi moja. Ukija Idi, nenda kisimani magharibi uniite, kwa kuwa hooyo hayuko huku tena na hakuna mwingine mwenye sababu ya kuniita. Usiseme ndugu yangu, wala mtoto wa Kulow. Sema Alio. Nisipotoka siku hiyo, niite na kesho yake. Siwezi kukwambia kwamba natamani kurudi, maana hamu nayo ililiwa. Ila namkumbuka yule aliyekuwa akitamani, na ninakuomba kwa niaba yake.

Nisalimie shemeji, na uwabusu mapacha kwa ajili yangu. Hooyo mwambie mbuzi wote wako zizini. Allah awahifadhi nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Alio