Damu ya Rozi Iliyopanda Ndege

Rwamishenye,
Bukoba.
11 Juni 1989

Mpendwa mdogo wangu Mutembei,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Tanga na joto lake? Kifua cha wifi yangu Eufrazia kimepona? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua zimenyesha vizuri na migomba imesimama, ila magoti yangu yananikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si msichana tena. Shemeji yako Karugendo ni mzima na mkali vilevile.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliitii. Ulisema nimtengee Rozi sahani na kikombe, asitupikie, na posa ya kina Kaijage wa Muleba tuiache ilale kwanza. Basi mtoto wa marehemu kaka yetu Mujuni amekuwa akila peke yake karibu na mlango, kwenye sahani ya bati, huku sisi tumezunguka jani moja la mgomba. Hajauliza kwa nini. Hilo ndilo lililoniuma, Mutembei, kwamba hakuuliza.

Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Yule daktari mgeni sikumwamini tangu mwanzo. Mtoto amevimba midomo, mwili mzima umemtoka vipele vinavyowasha, yeye anamchoma sindano mkononi! Alisema huenda kuna chakula ambacho mwili wa Rozi unakikataa, na damu yake itakitaja. Kwa kuwa kipimo hicho hapa hakipo, damu itapanda ndege mpaka kwao Ulaya. Nikajiuliza, damu ya mtoto wetu inakwenda kutafuta nini huko? Siku hizi nani anatolewa damu kwa ajili ya chakula? Majirani nao walijiuliza hivyo hivyo, ila wao walikuwa na jibu tayari, maana wanajua Mujuni na mkewe walikufa kwa ule ugonjwa unaokondesha. Habari ilifika Muleba kabla damu haijafika Ulaya.

Majibu yaliporudi niliyafuata mwenyewe. Walikuwa wamepima maziwa, mayai, samaki, karanga, ngano na soya. Hakuna kilichoonekana kumdhuru. Nikauliza, na ndizi je? Daktari akasema kipimo cha ndizi hawakukifanya. Wamepima ngano, sisi na ngano wapi na wapi, halafu ndizi tunayoila kutwa wameiacha! Ule ugonjwa wenyewe pia Rozi alikubali kupimwa, na hana. Nilikuandikia haya yote, wala hukuyaamini. Mimi pia, nisikufiche, niliyaamini nusu. Watu wakasema kama si chakula, basi inajulikana ni nini. Kina Kaijage wakaacha kuja.

Mwezi uliopita senene, panzi wetu hawa wa msimu, walipoanguka, Rozi akavimba tena. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na mwezi huo pia ni msimu wa senene. Nikaanza kushuku kila kitu. Nilishuku moshi wa mafuta ya kukaangia, nilishuku majani tunayofungia chakula, hata jirani yetu wa upande wa juu nilimshuku. Senene wenyewe sikuwawazia. Nyumba ya Karugendo unaijua: sisi wanawake tunawakamata, tunawanyonyoa mabawa na kuwakaanga, halafu mwanamume ndiye anayekula. Wanawake wengine wa mjini wameanza kula, lakini hapa kwake hilo halipo.

Siku moja Karugendo akalalamika kwamba mkebe wake wa senene unapungua haraka. Alinitazama mimi! Nilikasirika, nikaapa kumkamata mwizi mwenyewe. Kesho yake nikaaga kwamba nakwenda shambani, nikazunguka nyuma ya jiko, nikarudi kimya kimya. Nikamkuta Rozi ameupakata mkebe, mashavu yamejaa.

Sikumpigia kelele. Nilikaa naye pale pale, na maharage niliyoyaacha motoni yalikuwa hayajaiva midomo yake ilipoanza kuvimba mbele ya macho yangu. Nilishtuka mno. Nikamwambia, “Rozi, daktari si alikuuliza vyakula vyote unavyokula?”

Akajibu huku anajikuna, “Waitu shangazi, aliniuliza nawe umekaa pembeni yangu. Ningewatajaje senene wa baba Karugendo?”

Nilimpeleka hospitali siku ile ile. Daktari alicheka kidogo, kisha akakunja uso. Alisema damu hujibu kile inachoulizwa tu, na habari za senene hakuna aliyeiuliza. Rozi asionje tena hata mguu wa senene, maana siku moja koo linaweza kuziba. Sijui kama namwamini daktari, lakini macho yangu nayaamini. Tangu siku hiyo hajagusa, na ngozi yake imetulia kabisa.

Jumapili iliyopita nilimwita mama Kaijage, nikamweleza kila kitu mbele ya wanawake wenzetu, Rozi ameinamisha kichwa. Mama yule alisimama kwa hasira: “Msichana anayeiba senene wa mwenye nyumba! Huyo atamwachia mwanangu nini?” Mutembei, nilitaka kumkumbatia. Miezi yote ile, kila tulipokutana, alikuwa anatazama tu mikono na shingo ya mtoto. Sasa anagomba kama mama mkwe.

Ila posa bado haijasimama. Wanasema barua yako ndiyo iliyoilaza, kwa hiyo wanangoja neno lako wewe, baba yake mdogo. Waandikie. Usiandike mambo ya ugonjwa wala ya ndege. Waandikie kwamba una binti mzima, tena mlafi, na unawaomba radhi.

Karugendo anakusalimu. Mkebe wake ameupandisha juu ya kabati, ingawa hakuna anayeutaka. Nisalimie Eufrazia na watoto, na shangazi yetu mkiwasiliana naye. Rozi nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema nikusalimu tu.

Mwenyezi Mungu awafunike huko mliko na akulete salama likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Sahani ya bati sasa wananywea maji kuku. Utakula nasi kwenye jani moja, na Rozi ndiye atakayekupakulia. Nitakuwa nimekaa mbele yako, nautazama mkono wako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,
Alistidia